Jumatano za Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Novemba 2021. Kalangalala, Geita

Daftari hili nimepewa leo na Dada Euphrasia, yule tabibu wa chumba cha mwisho hospitalini. Amelitoa kwenye droo likiwa jipya kabisa, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: RITHA, MAMA WEMA. Akasema, "Kila siku uandike umefanya nini na mwili umekujibu nini. Hata mstari mmoja unatosha. Na usiandike ya kunifurahisha."

Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba, mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye majivu. Akacheka. Akasema kazi yake ni kusoma mwandiko wa madaktari, wangu hautamshinda.

Niliugua mwezi wa saba, corona ile kali. Masele mume wangu alinipigisha nyungu, mvuke wa majani, asubuhi, mchana na jioni, mpaka ngozi ya uso ikababuka. Baada ya wiki tatu homa ikatoka, watu wakaja kunipa pole ya kupona. Wao wakaenda zao, mimi nikabaki vile vile. Mpaka leo nikibeba ndoo kutoka bombani hadi mlangoni, moyo unakimbia kama nimeiba kitu. Kichwani kuna ukungu. Jana nimelipoteza neno kijiko, nikamwambia Wema niletee ile ya kuchotea. Wema ana miaka mitatu. Akaleta kijiko.

Dada Euphrasia amenipima damu, makohozi, malaria, sukari, virusi na mimba. Akaniuliza hata habari za zebaki, kwa sababu kabla sijaugua nilikuwa naosha mchanga wa dhahabu mwaloni. Kote hakuna kitu. Nikamuuliza, "Sasa naumwa nini?"

Akasema wakubwa wa afya duniani wameandika maana yake mwezi uliopita tu. Iwe imepita miezi mitatu tangu mtu augue, dalili ziwe zimekaa miwili au zaidi, na pasionekane ugonjwa mwingine wa kuzieleza. "Wameweka mipaka," akasema. "Ndani ya mipaka bado kuna giza. Wewe unaishi humo ndani, ndiyo maana nimekupa daftari."

Nimehesabu kwa vidole kutoka mwezi wa saba. Nimo.

Alhamisi, 4 Novemba

Masele anataka niende kwa mama yake mpaka msimu wa mvua uishe. Yeye yuko kwenye duara lao la dhahabu, anashuka shimoni asubuhi na kutoka jioni, nami chumbani sina msaada. "Kijijini utapumzika," amesema. Kijijini, wakati wa kilimo! Nimemwangalia tu.

Jumapili, 7 Novemba. Kijijini

Tumefika jana. Kutoka Segese ni mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Mama mkwe alikuwa amechemsha matobolwa, vile viazi vikavu, na maziwa mgando amemwekea Wema peke yake. Alimbeba akamzungusha uani mpaka mtoto akacheka kwikwi ikamshika. Mimi alinitazama toka juu mpaka chini. "Umekonda. Mjini hawapiki?"

Ni mjane. Ana mashamba matatu na maksai wanne, plau ni yake. Ana nguvu kuliko mimi, na ananizidi miaka thelathini na kitu.

Jumatano, 10 Novemba

Mvua bado. Nimefagia uwanja, nikalala.

Jumamosi, 13 Novemba

Imenyesha. Mama mkwe amesimama mlangoni mikono nyuma, anaitazama kama mtu anayetazama mgeni anayemdai maelezo. Kisha akasema, "Umechelewa." Alikuwa anaiambia mvua.

Jumatano, 17 Novemba

Nieleze utaratibu wa hapa, Dada Euphrasia, usije ukapotea.

Kuna kikundi cha jembe, wanawake saba. Mwenyekiti ni Paskazia, mama mnene wa sauti, akikohoa ng'ombe wanageuka. Kila Jumatatu tunalima kwa mmoja wetu kwa zamu. Kila Jumatano tunalima kwa mama mkwe, kwa sababu maksai wake ndio wanaowalimia wote kwa plau. Hayo ndiyo malipo yake, mikono yetu. Mtu asipoonekana bila msiba anaandikwa kichwani mwa Paskazia, na kichwa kile hakina kufuta. Anayetolewa kikundini hata akifiwa watu wanakuja wamechelewa.

Mimi ni mkono wa saba. Naanza kuhesabiwa Jumatatu.

Jumatatu, 22 Novemba

Tumelima kwa Paskazia. Nimekata mstari wangu mpaka mwisho! Zipora, jirani yetu, alikuwa pembeni yangu. Alisema, "Mama Wema, taratibu, udongo haukimbii." Tukacheka. Nimerudi nimechoka uchovu wa watu wote.

Jumanne, 23 Novemba

Niko vizuri. Nimefua nguo zote, na za mama mkwe. Labda ni hewa ya kijijini.

Alhamisi, 25 Novemba

Jana sikuandika. Jana sikuweza kushika kalamu.

Niliamka, miguu si yangu. Si homa wala maumivu ya mahali unapoweza kuonyesha kwa kidole. Ni kama mtu amefungua koki chini ya kisigino, kila kitu kikatoka. Mama mkwe alishaondoka na jembe alfajiri, akidhani namfuata. Nililala sakafuni kwa sababu sakafu ni baridi. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unaniumiza. Wema alicheza na kuku, akawa anakuja kunigusa shavu na kuondoka.

Saa kumi niliinuka kwa kushika ukuta. Nikanawa uso, nikajifunga kitenge kisafi, nikasonga ugali na mlenda. Mama aliporudi alinikuta nimekaa wima, sufuria mezani.

"Hukuja," akasema.

"Kichwa, mama."

"Pole."

Akala. Pole yake ilikuwa fupi.

Jumatatu, 29 Novemba

Kwa Zipora, majarubani kwenye mpunga. Nimelima sawa na wenzangu.

Jumatano, 1 Desemba

Naandika jioni, ugali umeshaiva. Leo tena. Toka alfajiri mpaka saa kumi.

Mama mkwe hakukaa kula. Alisimama na bakuli mkononi. "Nikuulize, mke wa Masele. Kwa Paskazia una mikono. Kwa Zipora una mikono. Kwangu una homa. Nimekukosea nini?"

Nikasema hujanikosea, mama. Akasema, "Wenzangu wameniuliza leo, mkweo yuko wapi? Nikasema anaumwa. Zipora akasema, mbona jana nimemwona kisimani anapiga soga? Nilikosa pa kuweka uso."

Ni kweli. Jana nilikuwa kisimani na nilicheka.

Jumatatu, 6 Desemba

Nimelima.

Jumatano, 8 Desemba

Vile vile.

Alhamisi, 9 Desemba

Baba mdogo Bujiku amekuja. Ni mdogo wa marehemu baba mkwe, ndiye anayesimama kwa mambo ya ukoo. Alikaa kwenye kigoda chini ya paa, mimi nikampelekea uji nikapiga goti. "Shikamoo baba." "Marahaba." Kisha akaongea na mama mkwe kwa Kisukuma, kama vile mimi sijui Kisukuma.

Alisema ng'ombe tulitoa, mikono hatukupata. Alisema asiyemlimia mama wa mumewe amekwisha kuondoka, kimebaki kiwiliwili. Kama mpaka palizi ya pili sijabadilika, ataita kikao, nirudishwe kwa baba yangu Bukombe na ng'ombe wadaiwe. Mama mkwe akauliza, "Na mtoto?"

"Mtoto ni wa ukoo. Anabaki."

Wema alikuwa magotini pa baba mdogo wakati huo, anachezea funguo zake.

Jumapili, 12 Desemba

Kanisani. Paskazia mbele za watu: "Mama Wema, corona imeisha nchi nzima. Wewe umebaki nayo peke yako, au unaifuga?" Wakacheka mpaka mzee wa kanisa. Na mimi nilicheka, ningefanyaje.

Jumatano, 15 Desemba

Jumatatu nilijikaza kwa wenzangu. Leo nimejiapiza nitakwenda kwa mama hata kwa kutambaa. Nimetoka na jembe. Nimefika chooni, hatua ishirini. Hapo moyo ulianza kupiga masikioni, nikakaa chini nimeegemea mpini. Nikarudi ndani kwa magoti kabla jirani hajapita.

Jumapili, 19 Desemba

Siku nne zimekwenda nimelala. Mvua inanyesha kila siku, magugu yanapanda juu ya mahindi.

Jumatatu, 27 Desemba

Masele alikuja Krismasi, amerudi leo. Amemletea Wema viatu vinavyowaka taa. Uso wake umekuwa wa rangi ya mawe ya shimoni, na yeye amechoka, namwona.

Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza, maana Masele si mtu mbaya. Kisha akasema, "Mama Wema, jikaze kidogo tu. Mpaka palizi ya pili. Baba mdogo amesema kikao ni tarehe ishirini na moja Januari."

"Masele, wewe uliniona mwezi wa saba. Ulinibeba kwenda chooni."

"Nilikuona. Lakini ulipona."

"Na Wema?"

Akatazama paa. Kana kwamba linavuja.

Jumatano, 29 Desemba

Kikundi kimepumzika wiki nzima kwa ajili ya sikukuu. Leo ni Jumatano na niko wima. Nimesuka mkeka robo.

Jumapili, 2 Januari 2022

Leo mvua imetufungia ndani. Nimelisoma daftari toka mwanzo. Siku nilizolima nimeweka kijiti pembeni, siku nilizoanguka nimeweka msalaba. Kisha nikalishika mbali kidogo kama mtu anayetazama shuka kama limetakata.

Kijiti, nafasi, msalaba. Kijiti, nafasi, msalaba. Pasipo na kijiti hapana msalaba.

Mungu wangu. Mwili hausemi siku ile ile. Nikilima leo, kesho unanyamaza, unanidanganya nafua na kucheka kisimani. Keshokutwa ndiyo unakuja kuchukua chake. Na Jumatatu ni ya watu, Jumatano ni ya mama. Ingekuwa kinyume, ningekuwa nimemkosea Paskazia na mama mkwe angekuwa ananisifia mpaka kanisani.

Nililia. Lakini nilikuwa na furaha pia, nisifiche. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba nimelijua jambo moja.

Jumatatu, 3 Januari

Nimemwambia mama mkwe kabla ya kutoka. Nikamwonyesha daftari. Hajui kusoma, ila vijiti na misalaba anaviona.

"Mama, nikulimie wewe Jumatatu, wao Jumatano. Utaona."

Akatazama kurasa, akazirudisha. "Ugonjwa wenye kalenda? Nimezika watu wengi, sijaona ugonjwa unaojua leo ni Jumatano."

"Basi nisiende leo. Nitunze nguvu za keshokutwa nije kwako."

"Usipokwenda kwa watu leo, na wao wasije kwangu? Una akili? Jumatatu ni ya watu. Na vijiti umechora mwenyewe."

Hilo la mwisho lilinikaa. Kweli nimechora mwenyewe.

Jumatano, 5 Januari

Msalaba.

Jumatatu, 10 Januari

Nimelima. Nimemwomba Paskazia tubadilishane siku. "Kikundi kina miaka tisa," akasema, "hakijawahi kuzunguka mgongo wa mtu mmoja."

Jumatano, 12 Januari

Msalaba. Mama mkwe hasemi na mimi sasa. Anamwambia Wema: "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Chumvi ilikuwa imezidi. Nilitia mara mbili, nilisahau ya kwanza.

Jumamosi, 15 Januari

Leo nimemwogesha Wema, nikainamisha pua kichwani mwake kama nilivyokuwa nafanya akiwa mchanga. Hakuna harufu. Tangu niugue sijamnusa mwanangu. Akinuka jasho au akinukia sabuni kwangu ni sawa, kama kumkumbatia mtoto wa kwenye picha. Zimebaki siku sita kikao kifike.

Jumatatu, 17 Januari

Mvua ya jana imefanya kile Paskazia alichokataa. Majaruba ya Zipora, ambako tulikuwa twende leo, yamefunikwa na maji mpaka kiunoni. Asubuhi wakasimama kwenye kingo na majembe begani, Paskazia akakuna kichwa, akasema, "Basi tupande mlimani kwa mayu leo, kwake ni pakavu. Jumatano mtakuja kwangu." Mayu ni mama, ndivyo wanavyomwita mama mkwe. Kwa Paskazia palikuwa na mahindi ya palizi ya pili.

Nikalima kwa mama mkwe! Nilichukua mstari wa pembeni yake. Alianza haraka, akanisikiliza bila kugeuka, akawa anasikia jembe langu lipo. Katikati ya shamba akapunguza mwendo, tukawa sambamba.

"Mkono mzuri," akasema. "Kumbe upo." Halafu, kwa sauti ya chini, "Umekiogopa kikao."

"Sijakiogopa, mama. Leo ni Jumatatu."

Akatema mate pembeni, akaendelea.

Jumanne, 18 Januari

Niko mzima kama kengele. Naiogopa siku hii kuliko zote. Nimekaa kitako, sijafua, sijaenda kisimani. Nilidhani nikikaa labda haitakuja.

Alhamisi, 20 Januari

Ilikuja.

Jana alfajiri mama mkwe aliniita mara moja, nikaitika, akaondoka kwenda kwa Paskazia. Shamba la Paskazia limepakana na ua wetu, ng'ambo ya mkonge tu. Nilikuwa nasikia nyimbo zao. Nilijaribu kukaa, nikaanguka upande wa kulia, nikabaki hapo hapo kati ya kitanda na mlango. Sauti za majembe zilikuwa zinagonga ndani ya meno.

Wema alikuja. Akasema, "Mama, kunywa." Alikuwa na kikombe cha plastiki. Akaninywesha. Maji mengine yaliingia mdomoni, mengi yaliingia sikioni. Akafuta kwa gauni lake, akaenda kuchota tena mtungini, akarudi. Nadhani alikwenda mara nne au tano. Nilitaka kumwambia asante, sikuipata asante ilipo.

Ndipo mlangoni kukaingia kivuli. Ni mama mkwe. Mpini wa jembe lake ulivunjika, alifuata mwingine.

Alisimama. Nikajua ananitazama, nami sikuweza hata kujifanya. Siku zote akirudi jioni ananikuta nimenawa, nimevaa, nimepika. Hajawahi kuniona saa nne asubuhi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namficha, Dada Euphrasia, wiki zote hizo. Niliona aibu aonekane mkwe amelala sakafuni, nikaona bora aonekane mvivu anayejua kupika.

Alimuuliza Wema, "Mama ameanza lini?"

Wema akasema, "Analala hivi. Bibi akija anaamka."

Mama mkwe akaweka jembe chini. Alikaa, akaninyanyua kichwa akakiweka pajani mwake. Mkono wake ulikuwa na udongo wa kwa Paskazia. Alishika kifua changu, akasikia moyo unavyokwenda. Akasema neno moja tu, "Ng'wana wane." Mwanangu.

Nyimbo za ng'ambo zikaendelea. Paskazia akaita, "Mayu! Mpini unaukata msituni?" Mama mkwe hakurudi shambani.

Saa kumi nilitaka kuinuka nikapike. Akanisukuma bega. "Lala. Leo napika mimi." Alipika, chumvi ikamzidi na yeye.

Ijumaa, 21 Januari

Kikao kilikuwa nje, mvua ikitishia. Baba mdogo Bujiku kwenye kigoda, Masele amefika asubuhi na nguo za kazini, Paskazia ameitwa kama shahidi wa kikundi. Mimi chini kwenye mkeka, Wema ubavuni. Alivaa viatu vyake vya taa. Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, akalalamika.

Baba mdogo alisema yale yale ya ng'ombe na mikono. Kisha akamgeukia Paskazia.

Paskazia akasimama. "Mimi nilikuwa namwonea huruma. Lakini Jumatatu amelima kwa mayu vizuri sana, sote tumeona. Jumatano zamu yangu, hakuonekana. Na mayu mwenyewe akaondoka katikati. Hiyo ni dharau."

Mama mkwe alikuwa anachambua nsansa, majani makavu ya kunde, kwenye ungo, kama kikao si chake. Akasema bila kuinua macho, "Paskazia. Wiki sita nililia mimi, ukanicheka. Wewe umekosewa Jumatano moja, imekuwa dharau?"

Mtu mmoja akacheka. Nadhani ni Masele, kwa woga.

Baba mdogo akasema, "Shemeji, wewe ndiye uliyelalamika kwangu."

"Nililalamika. Sikujua. Sasa nimeona." Akaweka ungo chini. "Huyu akilima, kesho yake anacheka, keshokutwa anaanguka. Nilimwambia hakuna ugonjwa wenye kalenda. Upo, shemeji. Nimeukuta umelala sakafuni kwangu. Mtoto wa miaka mitatu anamnywesha mama yake maji kwa kikombe, nani mwingine amsaidie? Mimi nilikuwa ng'ambo ya mkonge naimba."

"Basi ni mkono wa mtu. Tutafute mfumu apige ramli."

"Tafuta. Mfumu akipata, mlete. Lakini huyu simrudishi."

"Na shamba lako?"

"Shamba ni langu au lako?"

Radi ikapiga mbali, upande wa Kahama. Masele akasema, "Baba mdogo, mwezi wa saba mimi nilimbeba. Niseme ukweli, alikuwa mwepesi kama gunia tupu. Nilipaswa kusema tangu Krismasi." Aliongea akitazama viatu vyake.

Baba mdogo Bujiku akakohoa. Akasema jambo hili halijaisha, litaangaliwa tena baada ya mavuno. Ndivyo wanaume wanavyosema wakishindwa. Paskazia aliuliza kikundi kitafanyaje na mkono pungufu. Mama mkwe akasema, "Jumatatu nalima mistari miwili. Mkikataa, na maksai wangu wamechoka."

Hakuna aliyekataa.

Jumamosi, 22 Januari

Nimelala. Sina hofu, nimelala tu.

Jumatano, 2 Februari

Mama mkwe amelichukua jembe langu, amelitundika ndani kwake. Kazi yangu sasa ni kuamia ndege wa mpunga, nakaa juu ya dungu nikivuta kamba yenye makopo. Hiyo ni kazi ya watoto na vikongwe. Nina miaka ishirini na minne. Nimepanda dungu nikiwa na aibu, na nimeshuka jioni nikiwa na miguu.

Jumatatu, 14 Februari

Ndege wengi. Zipora amepita, amenitupia karanga mbichi. "Malkia wa makopo!" Nimezila zote.

Jumatano, 23 Februari

Hapana msalaba. Wiki tatu sasa, tangu nipande dungu. Lakini juzi nilichota ndoo mbili badala ya moja, leo kichwa kimejaa ukungu, nimemwita Wema kwa jina la mbuzi. Sijapona. Niandike hivyo hivyo, Dada Euphrasia ulisema nisikufurahishe.

Jumanne, 8 Machi. Geita

Mama mkwe amekuja na mimi. Nilimwambia njia naijua, akasema yeye haijui, anataka kuijua. Tumelala kwa Masele, leo asubuhi tukaenda hospitali.

Dada Euphrasia alisoma daftari lote. Alisoma polepole, akirudi nyuma, akinakili mambo kwenye karatasi zake. Alikaa muda mrefu kwenye vijiti na misalaba. Akaniambia dawa ya kunipa hana, na wakubwa nao hawajaipata, ila hili la kupima nguvu na kuzitumia kidogo kidogo nimelipata mwenyewe na niendelee nalo. Nirudi mwezi wa sita. Wapo wengine wanapona taratibu, akasema, hakuniahidi.

Kisha akauliza, "Hapa umeandika unaanguka. Nieleze vizuri, kuanguka kwenyewe kukoje?"

Nikafungua mdomo. Maneno hayakuwepo. Nilitafuta, nikaona ukungu tu.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mkoba magotini. Akasema, "Andika. Akifanya kazi leo, kesho anacheka. Keshokutwa anakuwa maiti toka alfajiri mpaka saa kumi. Saa kumi anafufuka, ananawa uso, anapika, ili mwenye nyumba asimgombeze. Hiyo ya kupika nayo iandike, ni sehemu ya ugonjwa."

Dada Euphrasia aliandika yote, hata ya kupika. Akauliza, "Na anayetoa maelezo, niandike nani? Mama mkwe?"

"Andika mama yake."